Meli itasimama Napoli, Piraeus na Istanbul kwa saa chache: wazee wetu waingie makumbusho gani?

BinBombo
Assalamu aleikum na habari zenu nyote. Najua mtacheka: watu wa Bombo, nchi isiyo na bahari, tunauliza habari za meli za kitalii. Chekeni, kisha mnisaidie.

Dada yetu aliyeko Milano amewalipia wazazi safari ya meli mwezi wa tisa. Wanapanda Civitavecchia, bandari inayotumiwa kwa Roma, Jumatatu jioni. Jumanne wako Napoli, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Jumatano bahari tupu. Alhamisi Piraeus, bandari ya Athens, saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Ijumaa Istanbul, saa sita mchana hadi saa nne usiku. Kisha wanarudi Italia.

Mzee amefundisha historia sekondari mpaka akastaafu, na vile vitu alivyokuwa akivichora ubaoni hajawahi kuviona kwa macho. Ameshaandika orodha: mozaiki (picha ya vijiwe) ya Alexander Mkuu pale Napoli, Acropolis, kile kilima cha mahekalu ya kale, na makumbusho mawili ya Athens, Istanbul anataka msikiti wa Aya Sofia, Topkapi, yaani kasri la masultani, na makumbusho ya akiolojia. Mama ana goti baya. Anatembea, ila ngazi zikizidi anakaa chini na haondoki hapo mpaka aamue mwenyewe. Sisi watoto hatuendi, tunapanga kutoka hapa nyumbani. Tuwapangie nini?

Mpishi_wa_Deki
Wa aleikum salaam ndugu. Nimefanya kazi jikoni kwenye meli za namna hiyo, kwa hiyo ratiba naijua kutoka upande wa pili.

Kwanza, punguzeni hizo saa. "Saa mbili asubuhi" maana yake meli inafunga kamba gatini. Wakubwa wa bandari waingie, karatasi zikaguliwe, ndipo watu waruhusiwe kushuka, na hapo foleni ya lifti za meli ni ndefu kwa sababu kila mtu anataka kuwa wa kwanza. Upande wa jioni, saa iliyoandikwa ni ya meli kuondoka. Saa ya mwisho ya abiria kupanda hutangulia kwa nusu saa au saa nzima, na huandikwa kwenye karatasi ya matangazo inayoletwa chumbani usiku. Zile saa tisa zenu za kukaa Napoli zimebaki kama saba.

Pili, pangeni kinyumenyume. Anzeni na saa ya mwisho ya kupanda, toeni saa moja na nusu ya akiba, toeni muda wa njia ya kurudi. Kinachobaki ndicho cha makumbusho. Watu wengi huanza kuhesabu asubuhi kwenda mbele, ndiyo maana tulikuwa tunawaona toka deki wakikimbia gatini viatu mkononi.

Tatu, ziara inayouzwa na meli ni ghali, lakini basi lake likichelewa meli inalisubiri. Mkienda wenyewe mkachelewa, meli inaondoka, na ninyi mnajitafutia usafiri hadi bandari inayofuata. Desturi yangu ni hii: mahali pa mbali nenda na ziara ya meli, mahali pa karibu nenda mwenyewe.

Omusuubuzi_Kikuubo
Humo ndani chakula kimeshalipiwa, kuna bwawa, kuna kiti cha kivuli. Mnataka kumshusha mama mwenye goti akaangalie mawe? Mzee akae deki anywe chai, picha za mawe ziko kwenye simu.

MlinziWaNgoma
Kikuubo, wewe endelea kuhesabu mizigo.

BinBombo, nilikuwa mtembeza wageni pale Uganda Museum, Kitante, Kampala, kwa muda mrefu, na jambo nililojifunza ni kwamba wanaochoka mapema ni wale waliotaka kuona kila kitu. Orodha ya mzee wako ni nzuri na ni ya wiki tatu. Bandari moja, makumbusho moja. Kingine chochote kikipatikana ni nyongeza. Na achague mzee mwenyewe, msimchagulie, maana atakayeulizwa na majirani ni yeye.

Kabla ya safari fanyeni jaribio. Wapelekeni wote wawili Kitante asubuhi moja. Waanze chumba cha mambo ya kale, waende kwenye ngoma na vinanda, watoke nje kwenye nyumba za jadi. Mtu mmoja awe na saa. Angalieni mama anatafuta benchi baada ya dakika ngapi, na mzee anasimama mbele ya kabati moja kwa muda gani. Nina hakika mzee wa historia ataanza kuwafundisha watoto wa shule waliopo hapo, hilo nalo lihesabuni. Kipimo hicho kitawafaa kuliko ushauri wa mtu yeyote wa mtandaoni, nikiwemo mimi.

Sasa swali la muhimu ambalo hakuna aliyeligusa: mmeangalia siku za kufungwa?

BinBombo
Hapana. Si ni mwezi wa utalii, kila kitu kitakuwa wazi?

MlinziWaNgoma
Ulaya makumbusho mengi yana siku moja ya kupumzika katika wiki, na kila moja lina siku yake. Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ya Napoli hufungwa Jumanne. Ile kanisa ndogo ya Sansevero yenye sanamu maarufu ya Kristo aliyefunikwa shela, nayo hufungwa Jumanne. Ninyi mnafika Jumanne.

BinBombo
Nimemsomea mzee. Amekaa kimya, kisha ameuliza kama tunaweza kuiandikia kampuni ibadilishe siku ya meli.

Mpishi_wa_Deki
😂 Mwambie nahodha anamsalimia.

Inasikitisha kweli, maana Napoli ndiyo rahisi kuliko zote. Gati liko mjini kabisa. Unavuka barabara, unaingia treni ya metro, njia namba moja, kituo cha Municipio, kisha Toledo, Dante, na kinachofuata ni Museo, mlangoni pa makumbusho. Ingekuwa siku nyingine ningesema wala msifikirie ziara ya meli.

MlinziWaNgoma
Lakini mzee hajapoteza kila kitu, na hapa nisikilizeni vizuri.

Ile mozaiki ya Alexander akipigana na Dario, mfalme wa Uajemi, haikutengenezwa kwa ajili ya makumbusho. Ilikuwa sakafu ya nyumba ya tajiri huko Pompeii, nyumba inayoitwa ya Fauno. Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 ikafunikwa na majivu pamoja na mji mzima. Waliifukua mwaka 1831, na mwaka 1843 wakaihamishia Napoli. Vijiwe vyake vinazidi milioni moja. Mwaka 2005 wakaweka nakala yake palepale ilipokuwa, kwenye sakafu ya nyumba ileile. Na Pompeii Jumanne iko wazi.

Kwa hiyo mzee atakosa ya asili, ataona nakala, lakini ataiona mahali pake: ukumbi, nguzo, bustani, na huo mlima nyuma. Mimi kama mwalimu ningechagua hivyo hata Jumatano. Kwenye makumbusho mozaiki ilisimamishwa ukutani kama picha, na watu wengi walitoka bila kufahamu kwamba ilikuwa inakanyagwa.

Mpishi_wa_Deki
Pompeii ni kama kilomita 25 kutoka bandarini. Kuna treni ya Circumvesuviana kutoka kituo cha Garibaldi mjini Napoli, inashusha karibu kabisa na mlango, ila inajaa kama takisi ya Old Taxi Park saa ya kutoka kazini, ina ngazi, na wezi wa mifukoni wanaipenda. Kwa wazee hawa, hapa ndipo pa kulipia ziara ya meli, au gari la kukodi lenye dereva anayewasubiri.

Mkinunua tiketi wenyewe, zina majina siku hizi. Tangu Novemba 2024 Pompeii hairuhusu zaidi ya watu 20,000 kwa siku, na jina kwenye tiketi lilingane na kitambulisho. Meli nyingine hukusanya pasipoti za abiria na kukaa nazo. Wazee wawe na nakala ya pasipoti na kadi ya meli mfukoni, na waulize mapokezi usiku wa kabla ni kitambulisho gani watashuka nacho.

NyanyaWaJinja
Mwanangu, mimi nina goti kama la mama yako. Hayo mawe ya barabara za zamani ni makubwa na hayako sawa, tena kuna vivuko vya mawe vilivyoinuka. Mama asiende na viatu vya harusi. Fimbo si aibu.

MlinziWaNgoma
Nyanya umesema kweli. Pompeii wametengeneza njia iliyosawazishwa kwa wenye shida ya kutembea, inaanzia mlango wa Piazza Anfiteatro, inafuata barabara kuu ya Via dell'Abbondanza hadi Forum, uwanja mkuu wa mji. Nyumba ya Fauno haiko mbali na Forum. Na mama akisema basi, akae Forum, mzee aende akarudi.

Akikataa Pompeii kabisa, jumba la kifalme la Napoli, Palazzo Reale, liko karibu sana na gati, na lenyewe siku yake ya kufungwa ni Jumatano.

Wakala_Nakasero
Samahani kuingilia, mnazungumza mawe na mimi natafuta viza. Hao wazee wanasafiri kwa pasipoti ya Uganda?

BinBombo
Ndiyo. Dada amesema viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inatosha.

Wakala_Nakasero
Inatosha ikiwa ni ya kuingia mara nyingi. Wakitoka Ugiriki kwenda Istanbul wametoka Schengen. Wakirudi Italia wanaingia mara ya pili. Viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kazi, na kampuni ya meli hukagua hilo siku ya kupanda. Wasiporidhika hawakupandishi, hata kama umelipa kila kitu. Kwenye fomu waombe wazi wazi kuingia mara nyingi, na waambatanishe ratiba ya meli ionyeshe kwa nini.

Ombi linapelekwa kwa nchi watakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile wanayoingia kwanza. Kwa hali yenu ni Italia, ambayo ina ubalozi hapa Kampala. Bima ya safari isipungue euro 30,000 za matibabu. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Kwa upande wa Uturuki, kampuni ya meli iwaandikie kwa barua pepe kama abiria wa pasipoti ya Uganda anahitaji viza kushuka Istanbul au la. Msikubali jibu la mdomo. Wanaojibu simu huwa wamezoea pasipoti za Marekani na Uingereza.

Na pesa: shilingi yetu haibadilishwi huko, na pesa za simu hazitawasaidia. Nunueni euro hapa Kampala, noti ndogo, na kadi moja ya benki iliyofunguliwa matumizi ya nje.

BinBombo
Dada Wakala, Mungu akubariki. Hilo la kuingia mara nyingi hakuna aliyetuambia.

Mzee amekubali Pompeii. Ameanza tena kusoma. Sasa anasema Alhamisi Athens lazima apande Acropolis, kisha makumbusho yote mawili.

MlinziWaNgoma
Mzee huyu 😄

Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ya Athens ni hazina. Kina sanamu za shaba, kina barakoa ya dhahabu ya Mycenae, kina ile mashine ya Antikythera waliyoiopoa wapiga mbizi wa sponji kutoka meli iliyozama, mwaka 1901: magurudumu ya meno ya shaba ya kukokotoa mwendo wa jua na mwezi, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Ila liko upande wa pili wa mji. Ukichanganya na Acropolis, mzee atatumia siku yake ndani ya teksi.

Acropolis yenyewe siku hizi tiketi ina saa ya kuingia, na wageni wamewekewa kikomo cha 20,000 kwa siku. Joto likipita kiasi huwa wanafunga saa za mchana. Wamefanya hivyo 2023 na 2024. Lifti ipo tangu 2020, ni ya wenye ulemavu na shida ya kutembea, lakini juu bado kuna jua na mwinuko.

Mimi ningemshauri Makumbusho ya Acropolis, lile jipya la mwaka 2009 chini ya mlima. Lina lifti, lina ubaridi, mikahawa yenye viti, na kilima unakiona kupitia vioo. Sehemu ya sakafu ni kioo, unaona chini yake magofu ya mitaa ya kale. Mama aelezwe mapema, wengine huogopa kukanyaga.

Ghorofa ya juu ndiyo mzee asikose. Chumba kimegeuzwa kikae sawasawa na Parthenon yenyewe inayoonekana dirishani. Wamepanga michoro ya mawe iliyozunguka hekalu kwa mpangilio wake wa asili: vipande vya asili vilivyobaki Athens vina rangi ya asali, na pale palipo na kipande kilichoko London, British Museum, wameweka nakala ya plasta nyeupe. Unatembea unaona nyeupe, nyeupe, asali, nyeupe. Wagiriki hawakuhitaji kuandika bango la malalamiko.

Mganda akisimama hapo hawezi kutofikiria kichwa cha Luzira. Kile cha udongo, kilichochimbuliwa kwenye kilima cha gereza mwaka 1929, hatua chache kutoka Port Bell. Nacho kiko London, British Museum hiyohiyo. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilituletea Kitante vitu 39, kwa mkopo. Mzee akirudi nataka anieleze alifikiri nini kwenye kile chumba.

Omusuubuzi_Kikuubo
Kwa hiyo vitu vyetu wanatukopesha?

MlinziWaNgoma
Kikuubo, leo umesema neno.

Mpishi_wa_Deki
Hesabu ya Piraeus: meli inafunga saa moja, wazee washuke kwa utulivu saa mbili. Makumbusho ya Acropolis Alhamisi hufungua saa tatu. Metro ipo kutoka Piraeus, lakini kutoka gati la meli za kitalii hadi kituo ni mwendo, na mama hatuupendi mwendo huo. Wachukue teksi, waulize bei kabla ya kukaa. Saa tatu hadi saa sita ndani, pamoja na chai. Saa saba warudi njiani. Saa nane wako melini na jikoni bado kuna chakula. Mzee akibaki na nguvu, azunguke kwa nje barabara ya waenda kwa miguu inayopita chini ya kilima, apige picha, atosheke.

Jambo la saa: mwezi wa tisa Ugiriki na Uturuki ziko sawa na Kampala. Italia iko nyuma yetu kwa saa moja. Mzee akiiacha saa yake kama ilivyotoka Bombo, Napoli atakuwa anawahi kwa saa moja, na hakuna aliyewahi kuachwa na meli kwa kuwahi. Lakini sheria ni moja: fuata saa ya meli, si ya simu. Simu hujibadilisha yenyewe, meli inaweza isibadilishe.

BintiTophane
Assalamu aleikum. Nilisoma Istanbul, ngoja niwasaidie Ijumaa.

Mzee atataka kusali Ijumaa Aya Sofia, najua. Meli inafika saa sita, adhana huwa saa saba na dakika chache. Mpaka washuke na kupita ukaguzi wa pasipoti, hawawezi kuvuka mji wapate nafasi. Watabaki barabarani, na mama amechoka kabla siku haijaanza. Meli zinafunga bandari ya Galataport. Nje tu ya hapo, Tophane, kuna msikiti wa Kılıç Ali Paşa, wa mwaka 1580, uliojengwa na msanifu Mimar Sinan akiwa mzee sana. Wasali hapo. Umbo lake limefuata Aya Sofia kwa udogo, kwa hiyo mzee hatakuwa amekosa sana.

Baada ya sala wapande tramu ya T1 kituo cha Tophane: Karaköy, Eminönü, Sirkeci, Gülhane, Sultanahmet. Hapo kila kitu kiko karibu. Sasa achague. Topkapi hufungwa Jumanne, kwa hiyo Ijumaa iko wazi, lakini hufunga saa kumi na mbili jioni, na kuuza tiketi huacha mapema kuliko hapo. Ni kubwa, ina viwanja vya mawe. Makumbusho ya akiolojia yako bondeni kidogo, njiani kutoka Gülhane, na yana jeneza la mawe linaloitwa la Alexander na kibao cha udongo cha mkataba wa Kadesh kati ya Misri na Wahiti.

BinBombo
Nimemuuliza. Kimya tena. Halafu mama, ambaye hajasema neno tangu tuanze, akasema: "Topkapi kuna vazi la Mtume, salallahu alayhi wasallam. Mimi naenda huko. Yeye aende kwa Alexander wake." Limekwisha.

BintiTophane
Mama ameongoza msafara 😊 Chumba cha masalia matukufu kiko ua wa tatu, na Qur'ani husomwa humo bila kukatika, usiku na mchana. Waende moja kwa moja huko kwanza, wasianze na vyumba vya hazina. Mama awe na mtandio, mzee asivae kaptula. Kupiga picha humo ndani hakuruhusiwi, wasibishane na walinzi.

Aya Sofia waipate jioni. Anayekwenda kusali huingia ghorofa ya chini bila kulipa; wageni wa kutalii tangu Januari 2024 hupandishwa ghorofa ya juu kwa tiketi, nako kuna mteremko mrefu wa mawe usioufaa mguu wa mama. Wao ni Waislamu, wasubiri magharibi waingie kusali, wataiona kwa njia iliyo bora. Sala ikiisha, saa mbili na nusu wawe kwenye tramu.

Mpishi_wa_Deki
Saa mbili. Meli inaondoka saa nne, na jioni ya Ijumaa tramu ya Eminönü inajaa. Wakikosa nafasi, teksi hadi Galataport, na wamwonyeshe dereva jina hilo limeandikwa kwenye karatasi.

BinBombo
Saa mbili basi. Nimeandika yote kwenye karatasi moja, herufi kubwa: Pompeii na ziara ya meli, Athens teksi na makumbusho moja, Istanbul Kılıç Ali Paşa, Topkapi, Aya Sofia magharibi. Jumamosi tunawapeleka Kitante kwa jaribio. Mlinzi, bado huwa unapita pale?

MlinziWaNgoma
Nitakuwa getini saa nne asubuhi. Mzee aje na maswali yake, mama nitamtafutia kiti karibu na ngoma.

NyanyaWaJinja
Na fimbo.